Bi Zamoyoni Abonyeza Usiruhusu

Wanaosema kwamba Jamhuri ya Naamu haikuwahi kuwepo ni watu wasioitakia mema. Ilikuwepo. Ilikuwa na bendera, wimbo na mipaka pande zote, na kama leo huioni kwenye ramani, ni kwa sababu ramani ilipelekwa wizarani kuhuishwa na bado haijarudi. Mimi nasimulia yaliyotokea tu, na sina nia mbaya na mtu.

Raia wa Naamu walikuwa na furaha kuliko binadamu wote. Hilo lilithibitishwa na utafiti wa serikali, uliouliza swali moja, "Una furaha?", na kutoa nafasi ya jibu moja. Serikali yenyewe ilikuwa ya kisasa. Ilipoona kwamba karibu kila raia anatembea na simu ya kugusa, ilitengeneza programu iitwayo Mlezi Mkononi na kumtaka kila mmoja aiweke kwenye simu yake. Kwa hiari. Asiyetaka kwa hiari aliruhusiwa kukaa bila maji ya bomba, bila namba ya foleni hospitalini na bila kibali cha kuzikwa, mpaka hiari yake imjie.

Programu haikuwa na makuu. Asubuhi ilimjulisha raia kuwa kumekucha. Mchana ilimletea picha ya Mlezi wa Taifa, maana ndivyo rais wa nchi hiyo alivyoitwa, akiwa anafungua kitu. Lakini kabla ya kuanza kazi iliuliza swali moja, tena kwa adabu zote: "Ungependa kuruhusu Mlezi Mkononi ifikie picha, video na faili zote kwenye kifaa hiki?" Chini ya swali palikuwa na vitufe viwili. Cha juu, cha kijani, kilikuwa kipana kama kigae, nacho kilisema Ruhusu. Cha chini, cha kijivu, kilikuwa kidogo kama chawa, nacho kilisema Usiruhusu.

Raia milioni kumi na moja walibonyeza cha kijani. Hawakusoma. Nani ana nafasi ya kusoma katika nchi ambayo maji yanatoka saa mbili kwa wiki, na saa zenyewe hazitangazwi?

Bi Zamoyoni Mtengeti alisoma. Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake tangu ujana. Kwa miaka thelathini alikuwa karani wa masjala ya ardhi, akinakili majina ya wenye viwanja kwenye madaftari makubwa yenye majalada mekundu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupiga muhuri karatasi asiyoisoma mpaka mwisho, pamoja na jina la kiwanda cha kuchapa lililoandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo kama mchwa. Wakubwa wake walimstahi, halafu wakamwogopa, halafu wakamstaafisha. Siku ya mwisho, kabla ya kurudisha ufunguo, alilifungua daftari la Mtaa wa Kivulini, mtaa aliozaliwa na anaoishi, akapiga picha kurasa zake zote mia mbili na kumi na nne kwa simu yake. Hakuwa na mpango wowote.

"Ni mwandiko wangu," alimwambia binti yake, Tunu. "Seremala anaondoka na meza yake. Mimi niondoke na nini?"

Mwaka uliofuata masjala iliungua. Redio ya taifa ilitangaza moto ule kama hatua kubwa ya kuhamia kwenye mfumo wa kidijitali. Wiki hiyohiyo raia waliagizwa wapige picha hati zao za viwanja na kuzihifadhi kwenye simu, kisha zile za karatasi wazipeleke ofisini zikatunzwe pamoja. Zilitunzwa pamoja, ndani ya lori moja. Lori likaondoka, na mpaka leo linaendelea kuzitunza huko liliko.

* * *

Jirani yake Bi Zamoyoni, ukuta kwa ukuta, alikuwa Bwana Njopeka, kinyozi. Asubuhi moja alikuja mlangoni ameshika simu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu kisichomfurahisha.

"Hodi, Bi Zamoyoni. Simu yangu imenigeuka."

"Karibu. Imekugeuka vipi?"

"Jana nilibonyeza Ruhusu. Leo natafuta picha ya hati ya kiwanja, haipo. Ya harusi haipo. Ya marehemu baba haipo. Amebaki Mlezi peke yake."

Bi Zamoyoni aliipokea simu, akapitisha kidole. Mlezi akifungua daraja. Mlezi akifungua kisima. Mlezi akifungua mlango wa gari, akifungua mwavuli, akifungua kinywa. Picha mia sita na kitu. Juu kabisa palikuwa na ujumbe wenye maua: "Hongera, mwananchi! Tumesafisha hifadhi yako na kufuta faili usizozihitaji."

"Nani kawaambia sizihitaji?" Njopeka aliuliza.

"Wewe. Ulipobonyeza."

Njopeka aliipokea simu yake. "Mimi nilidhani wananiuliza kama nataka maji," akasema.

Siku mbili baadaye buldoza liliingia Kivulini. Serikali ilikuwa imepanga kujenga hapo Mnara wa Uwazi, jengo la ghorofa arobaini lisilo na madirisha, na kwa kuwa ni serikali inayofuata sheria, kila mwenye nyumba alitakiwa kwanza aonyeshe hati. Mbele ya buldoza alitembea Kilumbi, Afisa Ruhusa wa mtaa, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye tai fupi na sauti ndefu.

"Hati ya kiwanja?"

"Ilikuwa kwenye simu," alisema Njopeka.

"Kwenye simu haimo."

"Kwa sababu mmeifuta."

"Kumbe unakiri kwamba haimo," alisema Kilumbi, akaandika.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya kibanda chake cha barabarani tu, naye akapewa muda wa kutoa kiti na kioo. Kibanda cha unyozi kilianguka kwa mkupuo mmoja, na vumbi lilipotulia alionekana amesimama barabarani na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa. Mteja alikuwa bado ana kitambaa shingoni. Hakujua amlalamikie nani, akaomba amaliziwe upande wa pili.

Bi Zamoyoni aliyaona yote kutoka dirishani. Aliingia ndani, akaitoa simu yake, akaziangalia zile kurasa mia mbili na kumi na nne, moja baada ya moja. Zilikuwa bado zipo kwa sababu moja tu. Alikuwa hajaenda ofisini kuandikishwa kwenye Mlezi Mkononi, maana goti lilikuwa likimsumbua.

* * *

Wito wake ulifika Jumanne. Alivaa gauni la kazini, lile la kola nyeupe, akapanga foleni kwenye ofisi ya mtaa pamoja na watu wengine arobaini. Foleni ilikwenda kasi. Kilumbi alichukua simu, akaweka programu, akamrudishia mwenyewe, mwenyewe akabonyeza kijani, muhuri, mwingine. Ilipofika zamu ya Bi Zamoyoni, foleni ilisimama.

"Mama, vipi, simu imekwama?"

"Haijakwama. Nasoma."

"Unasoma?" Kilumbi alisogeza kiti. "Hakuna cha kusoma hapo, mama yangu. Ni swali tu."

"Swali lina majibu mawili. Nataka kujua jibu la pili linafanya nini."

"Hakuna anayejua, mama."

"Basi leo tutajua," alisema Bi Zamoyoni, akakibonyeza kile cha kijivu.

Hakuna kilicholia wala kulipuka. Kwenye kioo yalitokea maneno mawili: "Haya. Sawa." Lakini ofisini watu waliacha kuongea. Kilumbi alitoa kwenye droo Mwongozo wa Afisa Ruhusa, akafungua ukurasa wa taratibu, akasoma kwa sauti, jasho likianza kumtoka: "Hatua ya kwanza, raia abonyeze Ruhusu. Hatua ya pili, iwapo raia hakubonyeza Ruhusu, rudi hatua ya kwanza."

"Rudi, mwanangu, nakusubiri," alisema Bi Zamoyoni.

Akarudi. Bi Zamoyoni akabonyeza tena cha kijivu. Kilumbi alirudi hatua ya kwanza mara kumi na tisa, mpaka ofisi ikafungwa kwa chakula cha mchana, naye akaiondoa programu kwenye simu ile. Bi Zamoyoni alitoka nje na goti lake, na watu waliokuwa kwenye foleni walimpisha, wengine kwa heshima na wengine kwa kuogopa kuguswa naye. Mwenyewe alipofika nyumbani alishindwa hata kuwasha jiko. Katika miaka sitini na mbili ya maisha yake hakuwahi kuiambia serikali hapana. Alishangaa kuona neno lenyewe lilivyo jepesi, na jinsi linavyochosha ukishalisema.

* * *

Habari zilifika wizarani kabla chai haijapoa. Wizara ya Ruhusa na Ridhaa iliongozwa na Mheshimiwa Dakta Tandabui, mtu mnene mwenye shahada kumi na moja, mbili kati yazo akiwa amezisomea. Aliitisha kikao cha dharura.

"Ndugu wajumbe," alisema, "nani aliweka kile kitufe?"

Ilielezwa kwamba kitufe kiliwekwa kwa ajili ya wafadhili wa ng'ambo. Wao ndio waliotoa mitambo ya kuhifadhia faili za taifa zima, na sharti lao lilikuwa moja tu: ridhaa. Kila raia aulizwe, na akubali mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe. Wangekuja mwisho wa mwezi kushuhudia nchi ikifikia asilimia mia.

"Kitufe kile," alisema waziri kwa uchungu, "kiliwekwa ili raia ajisikie huru kutokibonyeza. Huyu mama ameutumia vibaya uhuru wake. Ameutumia!"

Wajumbe walipiga makofi, kisha wakapitisha maazimio. Polisi hawangeweza kumnyang'anya simu, kwa kuwa hiyo isingekuwa ridhaa. Ilibidi akubali kwa moyo mweupe, hata kama ingelazimu kumlazimisha.

Walianza na tiba. Bi Zamoyoni aliitwa hospitalini, mahali alipokuwa amenyimwa namba ya foleni kwa ajili ya goti, na safari hii alipita mlango wa mbele. Madaktari watatu walikipima kidole chake cha shahada. Walikipima joto, wakakigonga kwa nyundo ya mpira, wakakimulika. Ripoti ilisema kidole kina mwelekeo wa kushuka chini, na ikapendekeza wiki mbili za mazoezi ya kuelekea kijani.

"Na goti?" aliuliza Bi Zamoyoni.

"Goti halihusiki na simu, mama."

Tiba iliposhindwa ikaja adhabu, ambayo haikuitwa adhabu. Iliitwa Kipindi cha Kutafakari. Bomba la mtaa lilikuwa na kifaa kinachosoma simu, likamkataa. Mashine ya kusaga ikamkataa. Redio ya taifa ilimtaja bila kumtaja jina, ikimwita "raia mmoja mwenye kidole". Majirani walianza kumsalimia kwa nyusi. Jioni Njopeka alikuwa akimpitishia dumu la maji juu ya ukuta, haraka haraka, na hakuwa akisema neno. Bi Zamoyoni hakuwalaumu wengine. Walikuwa na watoto. Ila kimya kile kilimuuma kuliko kiu, na siku ya tano alijikuta anaizungumzisha sufuria.

* * *

Tunu alikuja siku ya sita, saa tisa mchana, amevaa kitambulisho cha kazi shingoni. Alikuwa mwajiriwa wa Wizara ya Ruhusa na Ridhaa, kitengo cha maandishi. Mama yake alikuwa akijua anafanya kazi wizarani. Hakuwahi kuuliza anafanya nini hasa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa. Maji sina ya kukupa."

Tunu hakukaa. "Mama, wameniambia nikutie akili. Nisipokushawishi kufikia Ijumaa, nami sina kazi. Bonyeza tu, tafadhali. Watu wote wamebonyeza. Mimi nimebonyeza."

"Umebonyeza kabla ya kusoma?"

"Sikuhitaji kusoma, Mama. Mimi ndiye niliyeyaandika maneno hayo."

Bi Zamoyoni ndiye aliyemfundisha huyu mtoto kuandika, kwa kumwekea mkono juu ya mkono.

"Wewe ndiye uliyeandika 'tumefuta faili usizozihitaji'?"

"Ni kazi, Mama."

"Njopeka hana picha ya baba yake hata moja. Alikuwa nayo ileile. Ulimuuliza kama anaihitaji?"

Tunu akakaa kwenye mkeka, akajifuta macho kwa kile kitambulisho, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

"Vipo vitatu," alisema hatimaye.

"Vitatu nini?"

"Vitufe. Wafadhili walitaka vitatu. Waziri alitaka kimoja. Tukaafikiana viwili vionekane. Katikati ya kijani na kijivu pana nafasi nyeupe. Siyo nafasi, Mama. Ni kitufe. Niliagizwa nikiandike kwa nyeupe juu ya nyeupe. Kinasema Chagua Picha. Ukibonyeza hapo, programu inaona ile picha uliyoichagua wewe, na haioni nyingine hata moja. Wala haiwezi kuzifuta."

Bi Zamoyoni alivaa miwani. "Na waliokwisha ruhusu zote? Ndiyo basi tena?"

"Ruhusa inaondolewa. Unaingia kwenye Mipangilio, unafungua Programu, unaitafuta Mlezi Mkononi, unagusa Ruhusa, unachagua Usiruhusu. Basi. Na maji utaendelea kupata, maana bomba linaangalia kama programu ipo tu. Haliangalii umeipa nini."

"Mlificha?"

"Hatukuficha. Hatukutaja."

"Niliwahi kufanya kazi serikalini miaka thelathini," alisema mama yake, "usinifundishe tofauti." Lakini alisema hivyo akiwa ameshaushika mkono wa binti yake. "Kawaambie nimekubali. Waambie nitabonyeza mbele ya wafadhili, kwa kidole changu mwenyewe, kwa moyo mweupe."

* * *

Kulikuwa na siku tisa kabla ya sherehe. Serikali ilifurahi mno, ikamfungulia bomba. Bi Zamoyoni aliweka tena programu kwenye simu yake, akalijibu lile swali kwa kijivu kama kawaida, na bomba likampa maji bila ubishi. Kila siku alikwenda bombani asubuhi na ndoo yake, akakaa juu ya ndoo, asiteke. Foleni ya maji ni ndefu, na mtu aliye kwenye foleni hana kazi nyingine.

"Nipe simu yako, mwanangu, nikuonyeshe kitu."

Mwanzoni walisita. Wa kwanza alikuwa Njopeka. Alifuata kidole cha Bi Zamoyoni mpaka mwisho, Mipangilio, Programu, Mlezi Mkononi, Ruhusa, akakigusa kile kijivu, na simu ikasema "Sawa". Baba yake hakurudi, wala harusi. Vilivyofutwa vilikuwa vimefutwa, na Bi Zamoyoni hakumdanganya. Lakini waliziweka simu zao mbili bega kwa bega, naye akampitishia ukurasa wa themanini na moja wa daftari la Kivulini: kiwanja cha marehemu baba yake, jina kamili, vipimo, muhuri na tarehe.

Njopeka aliusoma ukurasa ule amesimama. "Mwandiko mzuri," akasema.

"Nilikuwa nalipwa kwa ajili hiyo."

Baada ya hapo watu walikuja wenyewe. Mama mmoja alikuja mara tatu kwa sababu alikuwa akisahau njia. Mzee mmoja aliyekuwa na simu ya vitufe alilia kwa kutokuwa na kitu cha kukataa, ikabidi ukurasa wake uwekwe kwenye simu ya mkwe wake. Kilumbi alipita mara mbili kila siku akikagua, akaandika kwenye taarifa yake: "Bi Zamoyoni anafika bombani kwa utii, pamoja na ndoo. Wananchi wanamzunguka kujifunza." Taarifa ilipokelewa wizarani kwa shangwe.

Kufikia siku ya tisa, kila nyumba ya Kivulini ilikuwa na ukurasa wake, kwenye simu ambayo serikali haikuweza kuufikia.

* * *

Sherehe ya Asilimia Mia ilifanyika uwanja wa taifa. Kulikuwa na bendi, wafadhili sita waliovaa kofia za majani, na kioo kikubwa kama nyumba ya ghorofa, ambacho kingeonyesha picha ya kwanza kutoka simu ya raia wa mwisho. Waziri alihutubia kwa saa moja na nusu.

"Leo," alihitimisha, "hakuna tena kitu kinachoitwa siri kati ya mama na mwanawe, kwa maana ya serikali na raia! Mama, karibu ubonyeze!"

Bi Zamoyoni alipanda jukwaani polepole kwa sababu ya goti. Mfadhili mmoja mrefu aliinama kwake, akamuuliza kwa Kiswahili cha kujifunza kama anafanya hivi kwa hiari yake.

"Kabisa, bwana," alisema Bi Zamoyoni. "Sijawahi kufanya jambo kwa hiari kama hili."

Aliishika simu mbele ya kamera, lile swali likiwa limefunguliwa. Kidole kilishuka kwenye kijani, waziri akaanza kupiga makofi. Kikapita kijani, kikasimama mahali peupe, pasipo na kitu, na kikabonyeza.

Kwenye kioo kikubwa yalitokea maneno: "Umechagua picha 1." Kisha ikatokea picha yenyewe, ndefu kama minazi miwili, mwandiko wa karani uliopinda kulia kwa nidhamu. Ulikuwa ukurasa wa mwisho wa daftari la Mtaa wa Kivulini. Ulisema kwamba viwanja vyote vya mtaa huo ni mali ya wakazi wake na warithi wao, kwamba serikali haitavichukua kwa sababu yoyote, na kwamba ahadi hiyo imetolewa na Ofisa Ardhi wa Wilaya. Chini palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu, na jina kwa herufi kubwa: T. TANDABUI.

Bendi iliendelea kupiga kidogo, halafu ikaacha, chombo kimoja kimoja.

"Sahihi hiyo si yangu," alisema waziri kwenye kipaza sauti.

"Ulisaini mbele yangu, Mheshimiwa," alisema Bi Zamoyoni. "Kalamu ilikuwa yangu. Uliondoka nayo."

"Sahihi ni yangu, lakini mkono haukuwa wangu!"

Mfadhili mrefu aliuliza kama ile nafasi nyeupe ni kitufe. Alijibiwa kwamba ni mapambo. Akaitoa simu yake, akawageukia wenzake, wakaanza kunong'onezana kwa lugha yao. Bi Zamoyoni hakuwasubiri. Alikisogelea kipaza sauti, akauambia uwanja mzima, taratibu, kama anayemsomea mtu anwani: ingia Mipangilio, fungua Programu. Sauti ilikatwa alipofika kwenye neno Ruhusa. Lakini watu wa Kivulini walikuwa wamekaa jukwaa la mashariki, nao walilimalizia kwa pamoja kwa sauti zao, mpaka likafika jukwaa la magharibi.

* * *

Nyumba za Kivulini zipo mpaka leo, na ni haki nieleze kwa nini, kwa sababu waziri hakuwa mtu wa kukata tamaa. Jioni ileile aliagiza ile picha ifutwe kwenye mitambo ya taifa, ikafutwa. Tunu aliachishwa kazi kwa kosa la rangi. Na asubuhi iliyofuata, kabla wafadhili hawajamaliza kufungasha, buldoza lilirudi, Kilumbi mbele, tai fupi, karatasi mkononi, na kwenye simu ya dereva amri ya kubomoa mtaa mzima kwa mara moja.

Alikuta barabara imejaa. Watu walikuwa wamesimama kila mmoja mbele ya mlango wake, simu juu, kurasa zimewaka. Njopeka alisimama mahali kilipokuwa kibanda chake, kwenye vifusi, na ukurasa wa themanini na moja.

"Hati!" alipiga kelele Kilumbi kwa mazoea.

"Hizi hapa," alisema Bi Zamoyoni. Alikuwa amesimama katikati ya njia, na Tunu kando yake. "Mia mbili na kumi na nne. Anza kusoma, mwanangu. Tutakusubiri."

Kilumbi alimgeukia dereva. "Ferunzi! Endelea na kazi!"

Dereva Ferunzi alikuwa mtu mkubwa, mkimya, aliyekuwa hajasema neno Kivulini tangu siku ya kibanda cha Njopeka. Aliteremka kutoka kwenye mtambo, injini ikiunguruma, akamfuata Bi Zamoyoni mpaka wakawa uso kwa uso. Watu walisogea. Tunu alimshika mama yake mkono.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Amri zangu zinakuja kwenye hiihii Mlezi Mkononi. Zinajiandika zenyewe kwenye faili zangu. Nikiiondolea ruhusa, zitabaki?"

"Hazitabaki," alisema Bi Zamoyoni. "Itakuwa haina pa kuziandika."

Ferunzi aliitazama simu yake. "Jumatatu wamenipangia mtaa wa Bondeni," akasema. "Mama yangu anakaa Bondeni." Akaikabidhi. "Nionyeshe."

Bi Zamoyoni alimwonyesha. Hakuharakisha. Alimshika kidole, akakipitisha mwenyewe njia nzima mpaka mwisho, simu ikasema "Sawa", na Ferunzi akarudi kwenye mtambo, akazima injini, akachomoa ufunguo. Mtaa ulikuwa kimya kiasi cha kusikia bomba likidondosha matone.

"Ferunzi!" Sauti ndefu ya Kilumbi ilikuwa imefupika. "Amri iko wapi?"

"Sina amri, afande. Tafuta kwenye simu, haimo."

Kilumbi alibaki peke yake katikati ya barabara, na karatasi zake, mbele ya watu mia kadhaa ambao hakuna aliyekuwa anamwogopa tena. Bi Zamoyoni alimkaribia, akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Na wewe," alisema. "Lete simu."

Kilumbi alitazama kushoto. Akatazama kulia. Kisha akauingiza mkono mfukoni.